Usinitajie Mshindi

Aliyependa ngumi ni mke wangu. Mimi nilikaa tu pembeni yake, kama mtu anayemsindikiza mwenzake sokoni. Watu waliposikia kwamba nyumbani kwetu kuna mshabiki wa ngumi walidhani ni mimi, wakaniuliza habari za mikanda na uzito, nami nikawaelekeza kwake.

Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na za manesi katika chumba cha mbele, futi shingoni, pini mdomoni. Ukimtajia bondia anayemdharau, alizitoa zile pini moja moja, akaziweka mezani, ndipo akakujibu. Marehemu baba yake alikuwa akitengeneza glavu za mabondia, akizipasua na kuzijaza upya, na yeye utotoni ndiye aliyezifunga kamba na kuzijaribu. Kwa hiyo aliona vitu ulingoni ambavyo mimi sikuviona. Alisema, “Huyu amechoka,” na mimi nikamtazama huyo aliyechoka nikaona mtu anarukaruka kama mbuzi. Raundi iliyofuata, chini.

Alitazama ngumi kwa namna yake. Sauti ya runinga aliizima, kwa sababu alisema watangazaji wanakupachika macho yao na ukishayavaa hayavuliki. Mezani aliweka vikombe viwili vya bati na kopo la vifungo. Kila raundi ilipoisha alidondosha kifungo kimoja katika kikombe cha aliyeshinda raundi hiyo, bila kusema neno, na mimi sikuruhusiwa kuchungulia. Pambano likimalizika, kabla majaji hawajatangaza, alivimimina na kuvihesabu. Majaji wakitofautiana na vifungo vyake, basi waliokosea ni majaji.

Kubwa kuliko yote lilikuwa hili. Mapambano mengi ya ubingwa hupiganwa nchi za mbali, sisi tukiwa usingizini, kisha hurudiwa kuonyeshwa jioni. Siku kama hizo hakutaka kutajiwa mshindi. Alifunga dirisha, wateja akawaambia warudi kesho. “Pambano ulilotajiwa mshindi,” alisema, “ni chakula alichokwisha kukitafuna mwenzio.”

Pambano la mwisho tuliloliona pamoja lilikuwa la Chuma na Mashoto. Hayo ni majina yao ya ulingoni. Chuma ndiye aliyekuwa na mkanda. Mashoto alikuwa kijana mrefu anayetanguliza mkono wa kulia na kuuficha wa kushoto, na mke wangu alimpenda tangu siku ya kwanza. Nilimuuliza anampendea nini. “Anasimama vizuri,” alisema, na hakuongeza.

Walimaliza raundi zote. Mke wangu akamimina vifungo, akatabasamu, akasema tumepata bingwa mpya. Kisha majaji wawili kati ya watatu wakampa Chuma. Hakupata hata nafasi ya kukasirika, maana upande wa pili wa ukuta jirani yetu alikuwa ameshaanza. Jirani huyu ni dereva wa lori la saruji, anaishi peke yake, na alikuwa mtu wa Chuma.

“Dada! Dada, umelala?”

“Nitalalaje, na jirani yangu ni mwizi?”

“Mkanda haujatoka nyumbani!”

“Mkanda bila suruali wa kazi gani? Mtembee hivyo hivyo! Tungoje marudiano!”

“Shemeji, mshike mkeo, asije akautoboa ukuta!”

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Marudiano yalitangazwa. Mke wangu akaandika tarehe kwa chaki ya kushonea ukutani, juu ya cherehani. Halafu zikaja figo. Miguu ilianza kuvimba, akaacha kukanyaga cherehani, akalazwa katika hospitali ile ile ninayofanya kazi. Mimi niko chumba cha kufulia, kwenye mashine ya kunyooshea mashuka. Ikawa namaliza zamu nashuka kwenda kumwona wodini, na nikifika nakuta amelalia shuka ambalo huenda nimelinyoosha mimi. Alilikagua pindo, akasema, “Hili si kazi yako. Wewe unanyoosha vizuri zaidi.”

Kabla ya tarehe kufika, Chuma aliteguka bega mazoezini na pambano likaahirishwa. Nilimpelekea habari hiyo. Alicheka kidogo.

“Yeye bega, mimi figo,” alisema. “Tuone nani atarudi ulingoni kwanza.”

Siku chache baadaye, akiwa amegeukia dirisha, akasema, “Likipiganwa sipo, litazame mwenyewe. Usiniletee maneno ya watangazaji, wala ya huyo mwenye saruji. Ona kwa macho yako, uje uniambie.”

“Utakuwepo.”

“Nimesema likipiganwa sipo.”

“Sawa.”

“Sawa nini?”

“Sawa, nitalitazama mwenyewe, nitakuambia.”

Hakuniomba kitu kingine. Mengine yote alishayapanga, hata sare zilizobaki zikabidhiwe kwa fundi gani. Akafariki. Tarehe ya zamani ilipofika hakupigana mtu, na ile chaki bado iko ukutani.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kurasa za michezo, jambo ambalo sikulifanya alipokuwa hai. Nasoma habari zote, hata zisizonihusu: kocha amefukuzwa kwa kufungwa nyumbani, mkimbiaji amenyang'anywa medali, mchezaji fulani anahama na mashabiki wamechoma jezi yake. Nikifika kwenye ngumi nasoma polepole. Nimegundua kuwa watu wanapenda marudiano kwa sababu wanafikiri ni pambano lile lile linapigwa tena, safari hii kwa haki. Lakini wanaorudi ni watu wengine. Mmoja amezeeka mwaka, mwenzake ana bega jipya, na hata waliokaa kutazama wamepungua. Lile la kwanza halirudiwi na mtu yeyote. Sijui kama mke wangu angekubali maneno haya. Nadhani angetoa pini.

Basi tarehe mpya ikatangazwa. Pambano lingepiganwa alfajiri kwa saa zetu, na marudio yangeonyeshwa jioni, jua likiwa bado halijazama. Katikati hapo palikuwa na siku nzima ya kazi, na dunia nzima ingekuwa inajua isipokuwa mimi. Nilikuwa na neno langu la kutimiza. Nikitajiwa tu mshindi, macho yangu yangekwenda kumtafuta huyo aliyetajwa, na nisingekuwa na langu la kumwambia.

Jana yake nilimpigia binti yetu, anayeishi mbali, nikamwomba asinipigie wala asiniandikie mpaka keshokutwa.

“Baba, kuna nini?”

“Ngumi.”

“Ngumi za mama?”

“Ndiyo.”

“Sawa, baba.”

Asubuhi niliamka, nikazima simu, nikatia pamba masikioni. Nilimsikia jirani akifungua mlango wake, nikasimama nyuma ya wangu kama mdaiwa mpaka lori likawaka. Kusema kweli nilikuwa nimeutegea sikio ukelele wake alfajiri, huku nimejifunika mto. Sikusikia chochote. Nilijiambia labda Chuma kapigwa, halafu nikajikemea kwa kukisia.

Njiani nilitembea nikitazama viatu vyangu. Penye kinyozi, ambako runinga haizimwi, nilivuka barabara nikawa naimba wimbo wa shule ya msingi, kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake kando.

Chumba cha kufulia kilinisaidia. Mashine zikizunguka pale huwezi kusikia hata jina lako. Nililisha mashuka kwenye rola, yakatoka yamenyooka na moto. Hatari ilikuwa wakati wa chai, mashine zikizimwa, na hatari hiyo ina jina. Tunamwita Mama Redio. Yeye hupanga nguo chafu za wodini, na habari zote za hospitali na za ulimwengu hupita kwake kwanza. Ni mwanamke mwenye moyo mzuri, ila neno likimwingia ni lazima litoke.

Alikaa juu ya furushi la mashuka, akapuliza chai yake.

“Haya, kwanza habari za michezo,” alisema. “Yule golikipa mliyekuwa mnamtukana, ameitwa timu ya taifa. Mnywe maji. La pili, yule mama mkimbiaji amerudi mbioni baada ya kujifungua, ameshika nafasi ya tatu, na nyie wanaume wenye vitambi mpo tu hapa. La tatu, leo alfajiri, jamani, kule ulingoni...”

“Usiseme!”

Ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimesimama, chai imenimwagikia mkononi, na sikuwa nimeisikia sauti hiyo siku nyingi. Tangu mazishi nilikuwa nikisema ndiyo, hapana na asante. Wote walinigeukia.

“Kaka,” alisema Mama Redio polepole. “Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Usiniambie nani kashinda.”

“Kwani umeweka dau?”

“Hapana.”

“Sasa?”

Ilinibidi niseme. Nilisema vibaya, vipande vipande, nikitazama bomba la maji. Kwamba mke wangu alikuwa akilisubiri pambano hili. Kwamba aliniambia nilitazame mwenyewe, nikamwambie. Nilisema “nikamwambie” na hakuna aliyeuliza nitamwambiaje. Mzee wa boila, anayechochea moto wa mvuke, alivua kofia yake kisha akaivaa tena.

Nilimwona Mama Redio akilimeza lile neno kama mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha akasimama juu ya furushi.

“Tangazo,” alisema. “Leo humu ndani hakuna ngumi. Atakayetaja ngumi, atakayekunja ngumi, hata atakayesema ana jino linalong'oka, nitamtia kwenye mashine na mashuka ya wodi ya kuhara. Mmenisikia?”

“Je, nikimtaja Chu...”

“Wewe! Mashine ile pale!”

Wakacheka, nami nikacheka kidogo. Mchana aliingia mhudumu wa wodi akisukuma mkokoteni wa nguo, mdomo umeshafunguka, na Mama Redio akamtupia foronya usoni kabla hajamaliza silabi ya kwanza. Siku nzima walinilinda hivyo. Lakini kulindwa nako kuna uzito wake. Kila nilipopita walinyamaza, na katika kunyamaza kule niliona wote wanakijua kitu ambacho mimi peke yangu sikijui, kama siku ile daktari alipowatangulia manesi kunifuata kwenye korido.

Nilifika nyumbani salama. Lori la saruji lilikuwa limeegeshwa, jirani ameinamia tairi. Niliinua mfuko wa mkate nikajificha uso.

“Shemeji,” alisema.

“Bado!” nilisema. “Bado sijaona!”

Nikaingia, nikafunga mlango.

Nilifanya kila kitu kama alivyokuwa akifanya. Nilizima sauti, nikaweka vikombe, vifungo vyeusi vya Chuma na vyeupe vya Mashoto. Nikakaa kwenye kiti changu. Cha kwake kilikuwa pale pale, upande wa dirisha.

Kengele ikagonga, nikajua kwa kuwaona tu wanatoka kwenye kona zao. Mashoto alirusha mkono, Chuma akarusha mkono, watu nyuma yao wakainuka. Nami nikageuka kukitazama kiti cha mke wangu.

Sikukusudia. Shingo ilikwenda yenyewe. Nikarudi kwenye runinga, wakagusana tena, shingo ikaenda tena. Raundi ikaisha nimeshika kifungo mkononi na sijui nikiweke wapi. Raundi ya pili ikawa vile vile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kutazama ngumi hata siku moja. Nilikuwa namtazama yeye. Akikunja midomo nilijua mtu wetu kaguswa. Akiinua bega nilijua konde linakuja. Akinyamaza kabisa, akaacha hata kupepesa, nilijua kuna mtu anakaribia kuanguka. Pambano zima nililisoma usoni kwake, na sasa niliulizwa nilichokiona na sikuwa nimeona kitu ila kiti na foronya aliyokuwa amekishonea mgongoni.

Nilikibeba kile kiti nikakipeleka chumbani, nikafunga mlango. Niliporudi raundi ya tatu ilikuwa imeanza.

Kuanzia hapo nilitazama kama mtu anayevuka barabara. Niliwatazama miguu. Nilijaribu kukumbuka alichoniambia: asiyefika mwisho huonekana magotini kwanza. Mashoto alisimama vizuri, kweli, hata mimi nililiona hilo. Alisimama kama mlingoti. Raundi ya tatu nilimpa. Ya nne nilimpa. Kisha Chuma akaacha kumtafuta kichwa akaanza kumpiga mbavuni, konde moja moja, bila haraka, kama mtu anayepigilia misumari kwenye mlango alioupima. Kila raundi Mashoto alirudi kwenye kona yake akiwa mfupi kidogo.

Raundi moja ilikuwa ngumu kuamua. Nilishika kifungo cheupe juu ya kikombe cha Mashoto, nikawaza kwamba hakuna anayeniona, na kwamba mke wangu angefurahi. Halafu nikawaza angenitazama vipi. Nikakirudisha koponi, nikachukua cheusi.

Hakuanguka mtu. Walipokumbatiana mwishoni uso wa Mashoto ulikuwa umevimba upande mmoja, naye akatabasamu kwa upande uliobaki. Nilimimina vikombe. Hapakuwa na haja ya kuhesabu, rundo la Chuma lilionekana. Kisha mwamuzi akaunyanyua mkono wa Chuma, na nikaona kwenye maandishi kwamba majaji wote watatu wamekubaliana.

Mtu alibisha hodi. Alikuwa jirani, mikono ina grisi, amesimama mbali kidogo na kizingiti.

“Nimehesabu raundi, nikajua limeshaisha,” alisema. “Umeshaona?”

“Nimeshaona.”

“Ehe. Basi pole, shemeji.”

“Pole ya nini? Mtu wako kashinda. Alfajiri mbona sikukusikia?”

Alifuta mikono kwenye suruali. “Nilikuwa macho. Sikupiga kelele.” Kisha akasema, akitazama chini, “Na mimi naona majaji wamezidisha. Yule kijana raundi za mwanzo alikuwa juu. Ya kwanza yake, ya pili yake kabisa. Mwingine angempa hata pambano zima.”

Mtu wa Chuma huyo, aliyewahi kulala na kofia ya Chuma kichwani. Alisimama mlangoni kwangu akimtetea Mashoto, kwa upole, kama anavyosemeshwa mgonjwa. Nilikuwa nimevumilia mazishi, nguo za mke wangu kugawiwa, cherehani kufunikwa. Lakini kumwona mtu huyu ameshinda na hana wa kumtambia, hilo sikuweza kulivumilia.

“Bwana,” nilimwambia, “umeshinda. Sema umeshinda.”

“Nimwambie nani, shemeji?”

“Niambie mimi.”

Alijaribu. Alifungua mdomo, akatazama ndani kupita bega langu, akaufunga.

“Wewe hujui kubisha,” alisema. “Usiku mwema.”

Haukuwa hata usiku. Jua lilikuwa bado liko juu ya mabati. Nilifunga mlango, nikaenda chumbani, nikakaa ukingoni mwa kitanda, mbele ya kile kiti. Nilikuwa nimepanga kwenda kaburini Jumapili kumwambia, lakini niliona Jumapili ni mbali, ningeanza kuchanganya raundi.

“Kapigwa,” nilisema. “Kapigwa kihalali. Raundi mbili za mwanzo sikuziona, usiniulize. Jirani anasema zilikuwa zako. Hata tukizihesabu hazitoshi. Chuma alikupiga mbavuni.”

Nilimweleza raundi baada ya raundi, zile nilizoziona kwa macho yangu. Nilimwambia alisimama vizuri. Nilimwambia kuhusu ile raundi ya kifungo cheupe, kwamba nilikirudisha. Nilipofika mwisho nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo yeye huanza kunibishia. Nje mtu alikuwa akiburuta ndoo juu ya saruji. Nilisubiri mpaka ndoo ikanyamaza, kisha nikasubiri zaidi, na nilikuwa tayari kubadili mawazo kwa neno lolote ambalo angelisema.